Onyo Jeusi, Taa za Rangi, Herufi Moja au Jedwali la Nyuma: Lebo Ipi Ikusaidie Kuchagua Chakula cha Pakiti?

Mnunuzi anayesimama mbele ya rafu ya biskuti katika supamaketi ya Nairobi, Dar es Salaam au Brussels hukutana na ujumbe mwingi kuliko anaoweza kuusoma kwa dakika moja: picha ya masuke ya ngano, maneno "imeongezwa vitamini", alama ya ubora ya shirika la viwango na pengine, kutegemea bidhaa imetoka wapi, herufi yenye rangi, duru tatu nyekundu au pembenane nyeusi. Baadhi ya alama hizo zimewekwa ili anunue, na nyingine zimewekwa ili asite. Makala hii inalinganisha aina nne za lebo za lishe kwa ajili ya watu wawili tofauti. Wa kwanza ni mlaji anayetaka kujua ategemee ipi na kwa swali gani. Wa pili ni yule anayetakiwa kutoa maoni au uamuzi kuhusu mfumo wa kufuata, kama vile mjumbe wa kamati ya shule, msindikaji mdogo au mwanachama wa chama cha walaji. Huyu wa pili hazungumzii nadharia tupu: mwaka 2023 Afrika Kusini ilichapisha rasimu ya kanuni inayopendekeza pembetatu nyeusi za onyo, na Wizara ya Afya ya Kenya nayo imekuwa ikiandaa utaratibu wa lebo za mbele ya kifungashio.

Vigezo vya kulinganishia

Lebo zote nne zitapimwa kwa mambo yaleyale. La kwanza ni muda, yaani kama mtu mwenye haraka, mtoto mkononi na miwani nyumbani, ataielewa. La pili ni kile kinachopimwa na kile kinachoachwa nje ya hesabu. La tatu ni ushahidi kwamba watu hubadili wanachonunua, kwa kuwa kuielewa lebo na kurudisha pakiti kwenye rafu ni mambo mawili. La nne ni jinsi lebo inavyomsukuma mtengenezaji, jambo ambalo wengi hulisahau ingawa, kwa maoni yangu, ndilo lenye uzito kuliko yote. Mwishoni nitasema kila aina inamfaa nani.

Aina zenyewe

Onyo jeusi lilipata umaarufu nchini Chile, ambako sheria namba 20.606 ilianza kutekelezwa tarehe 27 Juni 2016. Kila bidhaa iliyoongezwa sukari, sodiamu au mafuta yanayoganda (yale ya jamii ya siagi, samli na mawese), kisha ikavuka kiwango kilichowekwa cha kimojawapo au cha nishati, hubeba pembenane nyeusi yenye ukingo mweupe na maneno "ALTO EN", maana yake ina kiasi kikubwa cha kitu fulani. Kosa moja huleta pembenane moja, na makosa manne huleta nne. Peru, Mexico, Uruguay, Argentina na Colombia zilifuata nyayo hizo kwa mitindo inayokaribiana. Brazil iliamua kutumia picha ya kioo cha kukuzia, na Kanada nayo imetumia picha hiyo kwa lebo ambazo zimekuwa za lazima tangu tarehe 1 Januari 2026.

Taa za rangi ni za Uingereza, zikiwa zimeanza mwaka 2006 na kuunganishwa kuwa mtindo mmoja wa hiari mwaka 2013. Mafuta, mafuta yanayoganda, sukari na chumvi hupewa kila kimoja rangi yake ya kijani, njano au nyekundu, pamoja na gramu zake. Ecuador ilichukua wazo hilo na kulifanya la lazima mwaka 2014.

Aina ya tatu hujumlisha kila kitu kuwa daraja moja. Nutri-Score, iliyopitishwa rasmi nchini Ufaransa mwaka 2017 na kutumika pia Ubelgiji, Ujerumani na kwingineko, hutoa herufi kuanzia A ya kijani kibichi hadi E nyekundu. Australia na New Zealand hutumia nyota, kuanzia nusu hadi tano. Aina ya nne ndiyo ya zamani na ndiyo iliyoenea kwetu zaidi: jedwali la virutubisho mgongoni mwa pakiti, lenye nishati, protini, wanga, mafuta na sodiamu kwa kila gramu 100.

Muda wa kusoma

Hapa tofauti ni kubwa. Pembenane nyeusi haihitaji hesabu wala ulinganisho, kwa sababu ipo au haipo. Watafiti waliozungumza na akina mama nchini Chile baada ya sheria kuanza waliwakuta wakisimulia jinsi watoto wenyewe walivyokuwa wakizitambua pembenane hizo na kuwaambia wasinunue vyakula vyenye alama hiyo, wengine wakisema walimu wao hawaruhusu kuvileta shuleni. Lebo ambayo mtoto anaweza kuitumia dhidi ya mzazi wake imekwisha kushinda mtihani wa muda.

Herufi ya Nutri-Score nayo husomwa kwa jicho moja, na ina faida ambayo onyo halina: hata kati ya bidhaa mbili zisizo na kosa, mnunuzi huona ipi iko juu. Taa za rangi huchukua muda zaidi, kwa kuwa mtu hukuta nyekundu moja, njano mbili na kijani moja upande huu, na mchanganyiko mwingine upande ule, kisha aamue mwenyewe kama chumvi ndiyo mbaya zaidi au sukari. Jedwali la nyuma liko mbali sana nyuma ya wenzake. Maandishi yake huwa madogo, mara nyingi ni ya Kiingereza, Kifaransa au Kiarabu, na kwenye pakiti ndogo za bei ya chini huchapishwa juu ya mkunjo wa gundi ambapo nusu ya tarakimu hupotea. Zaidi ya hapo, linamtaka msomaji ajue kwamba sodiamu huzidishwa kwa 2.5 ili kupata chumvi, jambo ambalo pakiti nyingi hazimwelezi.

Kinachopimwa na kinachoachwa

Ili ulinganisho usibaki hewani, tuchukue bidhaa mbili za kubuni na kuzipitisha kwenye mifumo hii. Ya kwanza ni biskuti zenye kilokalori 480, mafuta gramu 20, ambayo gramu 9 ni ya aina inayoganda, sukari gramu 24 na sodiamu miligramu 240 kwa kila gramu 100. Chini ya viwango vya Chile vinavyotumika tangu 2019, ambavyo kwa chakula kigumu ni kilokalori 275, sukari gramu 10, mafuta yanayoganda gramu 4 na sodiamu miligramu 400, biskuti hizi zingebeba pembenane tatu na kuponea ile ya chumvi. Kwa taa za Uingereza zingepata nyekundu tatu na njano moja ya chumvi. Kwa Nutri-Score zingeangukia D au E, kutegemea nyuzinyuzi zilizomo. Kwa bidhaa iliyo mbaya waziwazi, basi, mifumo yote husema jambo moja.

Bidhaa ya pili ni mtindi wa kijiko wenye ladha ya vanila na sukari gramu 12 kwa kila gramu 100. Chile ingeupiga onyo la sukari moja kwa moja. Uingereza ingeupa njano tu, kwa kuwa nyekundu ya sukari katika chakula huanza baada ya gramu 22.5. Nutri-Score ingeupa B au C, kwa sababu hesabu yake huondoa sehemu ya lawama kutokana na protini ya maziwa. Ni kikombe kilekile na sukari ileile, ila kimepata hukumu tatu. Mzazi wa mtoto anayekula vikombe viwili kwa siku angependa kusikia Chile inasema nini. Mtu anayetafuta mbadala wa aisikrimu angeridhika na jibu la Nutri-Score, na wala hajakosea.

Soda inaonyesha mwanya mwingine. Soda ya kawaida yenye gramu 10.6 za sukari kwa mililita 100 haifikii kiwango cha nyekundu cha Uingereza kwa mililita 100, ambacho ni zaidi ya gramu 11.25. Huwa nyekundu pale tu inapopimwa kwa chupa au kopo zima, kwa sababu kinywaji cha zaidi ya mililita 150 chenye sukari inayozidi gramu 13.5 huhesabiwa kuwa cha juu. Chile haina mzunguko huo, kwani kinywaji kikipita gramu 5 kwa mililita 100 hupata onyo. Lakini onyo la Chile nalo halina la kusema kuhusu soda iliyotiwa viongeza utamu badala ya sukari. Mexico iliona pengo hilo, ikaongeza kisanduku kinachoeleza kwamba viongeza utamu hivyo havipendekezwi kwa watoto.

Mfumo wa daraja moja una udhaifu wake wa pekee, nao ni kwamba wastani huficha. Mafuta ya zeituni yalikuwa na D mwanzoni, yakapandishwa hadi C na baadaye B hesabu ilipofanyiwa marekebisho, huku Italia ikiupinga mfumo mzima kwa kuona jibini na mafuta yake vinaonewa. Huko Australia, unga wa Milo ulibeba nyota 4.5 kwa kuwa kanuni iliruhusu kuuhesabu kama kinywaji kilichochanganywa na maziwa yaliyoondolewa mafuta, ilhali unga wenyewe ungepata 1.5. Baada ya malalamiko, Nestlé iliziondoa nyota hizo mwaka 2018. Msomaji anayekoroga vijiko vinne kwenye maji ya moto na sukari ya ziada ataona mara moja mahali hesabu ile ilipopotoka.

Jedwali la nyuma, kwa haki yake, ndilo pekee lisilohukumu wala kuficha kiasi. Mgonjwa wa kisukari anayehesabu wanga, au mtu aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi hadi chini ya gramu 5 kwa siku, hapati msaada wa kutosha kutoka kwenye herufi wala pembenane. Anahitaji tarakimu.

Kuna alama mbili ambazo sikuziweka kwenye ulinganisho huu, ingawa wanunuzi wengi huzichanganya na lebo za lishe. Alama ya ubora ya TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, inaeleza kwamba bidhaa imekidhi kiwango kilichowekwa kwa aina yake, na pipi yenye sukari tupu inaweza kukidhi kiwango cha pipi bila tatizo. Na maneno "haina lehemu" (kolesteroli) kwenye chupa ya mafuta ya alizeti ni ya kweli, ila ni ya kweli kwa kila mafuta ya mimea, hata yale ya kampuni ambayo haikuyaandika.

Ushahidi wa manunuzi

Takwimu zinazotajwa zaidi ni za Chile. Utafiti uliotumia rekodi za manunuzi ya kaya ulionyesha kwamba ununuzi wa vinywaji vilivyostahili onyo ulipungua kwa asilimia 23.7 baada ya awamu ya kwanza ya sheria. Utafiti uliofuata, uliojumlisha vyakula na vinywaji, ulikuta sukari katika manunuzi yote imepungua kwa asilimia 10.2 na nishati kwa asilimia 3.5. Tofauti kati ya tarakimu hizo inaeleza mengi: watu waliacha bidhaa zenye pembenane, lakini sehemu ya pengo waliijaza kwa bidhaa nyingine zisizo na alama. Tena, ni kosa kuipa pembenane sifa yote. Sheria ileile ilipiga marufuku uuzaji wa bidhaa hizo shuleni, iliondoa vikaragosi vya kuvutia watoto kwenye vifungashio na kubana matangazo yanayowalenga. Anayetaka matokeo ya Chile kwa kubandika alama peke yake anataka mavuno bila palizi.

Kwa upande wa herufi, Ufaransa ilifanya jambo ambalo nchi chache zimelifanya: mwaka 2016 iliendesha jaribio katika supamaketi 60 za kweli, mifumo minne ikishindanishwa. Nutri-Score iliibuka ya kwanza, lakini uboreshaji wa ubora wa lishe wa kapu la mnunuzi ulikuwa takriban asilimia 2.5, na kwa wastani athari za lebo zilikuwa ndogo mara 17 kuliko zilivyoonekana kwenye majaribio ya maabara. Hili linafaa kukumbukwa kila mtu anapokuja na matokeo ya kuvutia ya watu walioonyeshwa picha za pakiti kwenye kompyuta. Dukani kuna bei, mazoea, mtoto anayelia na ofa ya mbili kwa moja.

Kuhusu taa za rangi, uzoefu wa Ecuador ni kwamba watu waliielewa alama na kuikumbuka, lakini manunuzi hayakubadilika sana. Jedwali la nyuma huwasaidia hasa wale ambao tayari wana sababu ya kulisoma.

Kinachotokea kiwandani

Mnunuzi asiyesoma lebo yoyote bado anaweza kunufaika nayo, endapo kiwanda kitaogopa kuibeba. Nchini Chile, sehemu ya bidhaa zilizostahili onyo ilishuka kutoka asilimia 51 hadi 44 katika mwaka wa kwanza, kwa sababu watengenezaji walipunguza sukari na sodiamu ili wasivuke mstari. Ndiyo maana viwango viliwekwa kwa awamu tatu, 2016, 2018 na 2019, kila awamu ikibana zaidi ya iliyotangulia: sukari ya chakula kigumu, kwa mfano, ilianza na gramu 22.5 na kumalizikia gramu 10. Ubaya wake ni kwamba kiwanda hujibanza chini kidogo ya mstari na kuishia hapo, au huondoa sukari na kutia viongeza utamu, ambavyo ununuzi wake kwa kweli uliongezeka katika kaya za Chile zenye watoto.

Madaraja hutoa msukumo wa ngazi kwa ngazi, kwani kutoka D hadi C ni habari ya kutangaza. Lakini Nutri-Score na taa za Uingereza ni za hiari, na hiari ina tabia ya kuwavutia wenye A na kuwafukuza wenye E. Mwaka 2024 kampuni ya Danone iliamua kuiondoa Nutri-Score kwenye baadhi ya mitindi yake ya kunywa baada ya hesabu mpya kuishusha daraja. Jedwali la nyuma halina msukumo wa maana kwa mtengenezaji, kwa kuwa halimwaibishi mtu.

Mahali ambapo lebo haifiki

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mipaka ya jambo hili haina budi kutajwa. Mandazi, vitumbua, chipsi za barabarani na mafuta ya kupima havina kifungashio, na biskuti zinazouzwa moja moja kwa Mangi, yaani kwenye duka dogo la mtaani, huwa zimetolewa kwenye boksi ambalo mnunuzi halioni. Pakiti za bei ya chini kabisa zina uso mdogo, na onyo la pembenane ndilo linalobaki likisomeka humo. Taa nne zenye tarakimu hazitoshei. Lugha nayo ina uzito: alama yenye umbo moja na maneno mawili ya Kiswahili ni rahisi kuieneza kutoka Mombasa hadi Bukavu, lakini maelezo marefu kuhusu asilimia ya mahitaji ya siku yatabaki ya wachache.

Uchague ipi, kwa hali ipi

Ukiwa mzazi anayenunulia watoto na huna muda, tegemea onyo jeusi pale lilipo. Pale lisipokuwepo, chukua viwango vya Chile kama kipimo chako: ukiona sukari imepita gramu 10 kwa gramu 100 za chakula, au gramu 5 kwa mililita 100 za kinywaji, hesabu kwamba pembenane ingekuwepo. Kumbuka pia kusoma orodha ya viambato ili kuona kama kuna viongeza utamu, kwa kuwa onyo la sukari halitakueleza.

Ukiwa Ulaya na unachagua kati ya bidhaa za aina moja, kwa mfano nafaka tatu za kifungua kinywa, herufi ya Nutri-Score itakusaidia kuliko zote. Usiitumie kulinganisha mafuta ya kula na mkate. Bidhaa isiyo na herufi kabisa katika nchi ambako majirani zake wanayo inastahili kutiliwa shaka kidogo, ingawa haimaanishi kwamba ni mbaya.

Ukiwa na jambo moja mahususi la kuepuka, kama chumvi kwa mwenye shinikizo la damu, taa za rangi zinakufaa, kwa sababu hukuonyesha chumvi peke yake bila kuichanganya na sifa nyingine. Hakikisha tu kama rangi imepimwa kwa gramu 100 au kwa sehemu, na kama hiyo sehemu ndiyo unayokula kweli.

Ukiwa unahesabu wanga au unafuata maelekezo ya daktari, rudi kwenye jedwali la nyuma. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani takriban gramu 50 kwa mtu anayekula kilokalori 2,000, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Soda moja ya mililita 500 yenye gramu 10.6 kwa mililita 100 ina gramu 53.

Ukiwa kwenye kamati ya shule, onyo lina faida ambayo mifumo mingine haina, kwa kuwa hugeuka kuwa kanuni ya duka la shule kwa urahisi: chenye pembenane hakiuzwi. Kwa kuwa bidhaa nyingi za kwetu hazina alama hiyo bado, kamati inaweza kuandika viwango hivyo kwenye karatasi moja na kumkabidhi anayeendesha duka, pamoja na orodha ya bidhaa zilizokwisha kuhesabiwa.

Ukiwa msindikaji mdogo wa siagi ya karanga au juisi ya ukwaju, anza na jedwali sahihi la virutubisho, maana bila vipimo hivyo hakuna lebo nyingine inayoweza kuhesabiwa. Kisha piga hesabu ya sukari na chumvi unayoongeza kwa mizani ya Chile kabla ya kuagiza vifungashio vipya, kwa sababu karanga zisizoongezwa kitu haziguswi na sheria ya aina hiyo, ilhali kijiko cha sukari unachotia ndicho kinachoziingiza kwenye hesabu.

Na ukiitwa kutoa maoni kuhusu mfumo wa taifa, uliza mambo mawili kabla ya kubishana juu ya umbo na rangi: kama lebo itakuwa ya lazima kwa wote, na kama itaambatana na kanuni za matangazo na mauzo ya shuleni. Majibu ya maswali hayo mawili yataathiri kapu la mnunuzi kuliko uamuzi wa kati ya pembenane, pembetatu na herufi.